Siri ya Akaunti Yako: Jinsi ya Kudai Haki Yako Benki

Wakulima wengi wa pamba, korosho na kahawa siku hizi hulipwa kwa kupitia benki au simu. Mstaafu hupokea pensheni yake benki. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa navyo vimefungua akaunti. Basi mtu wa kijijini anapaswa kujua mambo mawili: kutunza fedha zake, na kutunza habari za fedha zake. La kwanza tumelisema mara nyingi. La pili hatujalisema vya kutosha. Somo letu la leo ni hilo la pili.

BENKI INAJUA NINI JUU YAKO?

Kumbuka siku ile uliyofungua akaunti. Ulitoa jina lako, kijiji chako, namba ya simu, picha na namba ya kitambulisho cha taifa. Ulitia sahihi na alama za vidole. Ulitaja kazi yako na mtu wa kumtafuta ukipatwa na jambo. Tangu siku hiyo benki inajua umeingiza kiasi gani, umetoa kiasi gani, umemtumia nani na unadaiwa nini.

Habari hizo ndizo sheria inaziita taarifa binafsi, maana yake habari zinazoweza kumtambulisha mtu fulani.

Chukua kitambulisho chako cha taifa, tazama ile namba ndefu. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo mtu mwenye nakala ya kitambulisho chako anajua tarehe yako ya kuzaliwa. Kama umeufanya mwaka wako wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kadi au ya simu, umemwachia mwizi ufunguo mlangoni. Ibadilishe leo.

KWA NINI HABARI HIZO NI SIRI?

Wengine husema, "Mimi sina cha kuficha, fedha yangu ni halali." Ni kweli, lakini siri si dalili ya wizi. Fedha halali ikijulikana, mwizi anajua usiku wa kuja. Tapeli anajua aseme nini kwenye simu ili umwamini. Mjane anazungukwa na ndugu wa marehemu kabla arobaini haijafika. Mkopaji anachekwa kilabuni kwa deni ambalo analilipa vizuri kila mwezi.

Jambo hili si jipya. Miaka ya 1920 mahakama ya rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya bwana mmoja aliyeitwa Tournier. Alikuwa anadaiwa na benki yake deni dogo, halikufika paundi 10. Meneja wa tawi alipiga simu kazini kwake kuuliza anakoishi. Katika mazungumzo akamwambia mwajiri kwamba mtu huyu ana deni, tena anacheza kamari. Tournier hakuongezewa mkataba wa kazi, akaishtaki benki. Majaji walisema benki ina wajibu wa kutunza siri ya mteja, na kwamba siri hiyo inaweza kutolewa kwa sababu nne tu: sheria ikilazimisha, wajibu kwa umma ukidai, benki yenyewe ikihitaji kudai haki yake, au mteja akiruhusu. Kesi hiyo hutajwa hadi leo katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, nasi tumo.

Hapa kwetu Tanzania, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria, ilizinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024.

Shika jambo hili moja: sheria hiyo imezitaja habari za miamala ya fedha ya mtu kuwa ni taarifa nyeti. Zimewekwa fungu moja na alama za vidole na habari za watoto. Kwa kawaida taarifa nyeti hazishughulikiwi bila ridhaa ya mwenyewe kwa maandishi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu.

HAKI ZAKO NI ZIPI?

1. Haki ya kujua. Unaweza kuuliza benki ina habari gani zako, inazitumia kwa kazi gani, na imempa nani.

2. Haki ya kusahihisha. Habari yenye makosa inapaswa kurekebishwa au kufutwa.

3. Haki ya kukataa matangazo. Ukichoka na ujumbe wa "chukua mkopo leo, nunua bima leo", unaweza kuitaka benki isitumie namba yako kwa biashara hiyo.

4. Haki ya kuzuia matumizi yanayokuletea madhara.

5. Haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake. Kama kompyuta ndiyo iliyokunyima mkopo, unaweza kuomba binadamu aitazame upya hesabu yako.

6. Haki ya kudai fidia ukipata hasara kwa sababu sheria imevunjwa.

Haki ya pili watu huisahau, kumbe ina uzito mkubwa. Tuseme ulikopa shilingi 500,000 za mbegu na dawa, ukamaliza kulipa. Msimu unaofuata unaomba tena, unaambiwa, "Wewe una deni hujalipa." Habari za wakopaji hupelekwa na mabenki kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na ziko kampuni zenye leseni zinazotoa taarifa hizo kwa wakopeshaji. Karani mmoja akisahau kuandika kwamba umelipa, kosa lake linakufuata mpaka benki nyingine. Kwa hiyo usitupe stakabadhi za marejesho. Ukimaliza deni, omba barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

TUTAZAME MFANO

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Tuchukue mjane mmoja, mkulima wa pamba, tumwite Mama Neema. Ana akaunti ya jina lake mwenyewe. Ndani yake mna shilingi 2,640,000 za pamba ya misimu miwili, anazoziweka kwa ada ya watoto na bati za nyumba. Jioni moja shemeji yake anakuja na wazee wawili. Anasema, "Shemeji, tunajua una milioni mbili, laki sita na arobaini. Marehemu alikuwa na madeni ya ukoo. Toa laki nane."

Mama Neema hakumwambia mtu yeyote kiasi hicho. Hata watoto hawajui. Sasa afanye nini?

Wengi wetu tungekwenda benki kugomba dirishani. Karani angekana, mlinzi angetutoa nje, na mambo yangeishia hapo. Mama Neema alipitia madarasa ya kisomo. Kwanza alikaa chini akaandika: siku shemeji alipokuja, maneno aliyosema, na majina ya wazee waliosikia. Kisha akaandika barua nakala mbili, akapanda basi kwenda mjini. Dirishani akamwomba karani ampeleke kwa meneja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na shida. Kiasi cha fedha yangu kimejulikana kijijini, mpaka elfu ya mwisho."

"Pole sana mama. Lakini wafanyakazi wetu hawatoi siri. Labda uliwaambia watoto, au simu yako ilishikwa na mtu?"

"Simu yangu haijaunganishwa na akaunti. Mimi simtaji mtu, maana sikumwona. Ninachoomba ni kujua kama akaunti yangu ilifunguliwa kwenye kompyuta siku ambayo mimi sikuja hapa."

"Mama, hayo ni mambo ya ndani ya benki."

"Habari ni zangu, mwanangu. Ipo sheria ya mwaka 2022 ya taarifa binafsi. Nimeandika barua. Nakala hii ni yako, hii ni yangu. Naomba uigonge mhuri yangu na uandike tarehe uliyoipokea."

Meneja aliisoma barua mara mbili. Akagonga mhuri.

Hebu tuone mambo manne aliyofanya vizuri. Hakumsingizia mtu bila ushahidi. Angeweza kushtakiwa yeye kwa kumchafulia mwenzake jina. Hakuomba neno la jumla kama "mnitendee haki", bali aliuliza swali ambalo lina jibu. Alileta maandishi. Tena hakuondoka bila mhuri. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa ni rahisi kuambiwa, "Hatujaiona."

Swali lake nalo lilikuwa zuri. Kompyuta za benki huweka kumbukumbu ya mfanyakazi aliyefungua akaunti, siku na saa. Huenda benki isimtajie mteja jina la mfanyakazi wake, lakini ina njia ya kuchunguza.

Je, akijulikana aliyetoa siri? Kutoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria ni kosa la jinai. Mtu akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Na Mama Neema, kama alikwisha kulazimishwa kutoa zile laki nane, anaweza kudai fidia. Lakini tuseme kweli: maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna barua inayoweza kuwafanya ndugu wasahau kiasi walichokwisha kukijua. Faida kubwa ya kudai haki ni kuziba tundu ili siri isivuje tena, yako na ya jirani yako.

BARUA YA KUIGA

Unaweza kunakili barua hii kwa mkono wako na kujaza nafasi.

S.L.P. ............
Kijiji cha ............
Tarehe ............

Meneja,
Benki ya ............
Tawi la ............

YAH: KUOMBA KUJULISHWA MATUMIZI YA TAARIFA ZANGU BINAFSI

Mimi ............ ni mteja wa benki yako, akaunti namba ............ Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba kujibiwa kwa maandishi mambo yafuatayo:

1. Benki inatunza taarifa gani zangu, na inazitumia kwa kazi gani?
2. Kuanzia tarehe ............ hadi tarehe ............ ni nani nje ya benki aliyepewa taarifa za akaunti yangu, na kwa ruhusa ya nani?
3. Katika siku hizo, je, akaunti yangu ilifunguliwa kwenye kompyuta siku ambayo sikuhudumiwa? Kama ilifunguliwa, ni kwa sababu gani?

Sababu ya kuuliza ni kwamba ............

Nasubiri jibu lako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(sahihi)
(jina na namba ya simu)

Angalia sana: usiandike namba yako ya siri katika barua hii wala barua yoyote. Benki haina haja nayo. Mtu anayekuuliza namba ya siri, hata akisema anatoka makao makuu, ni mwizi.

KAMA HUKURIDHIKA, UENDE WAPI?

Anza benki kwenyewe. Wakinyamaza, rudi na nakala yako yenye mhuri, uandike barua ya pili ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Ukipewa jibu lisiloridhisha, au usipopewa jibu, njia ziko mbili.

Njia ya kwanza ni Benki Kuu ya Tanzania. Inalo dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa mabenki. Nao watakuuliza kwanza kama ulikwisha kulalamika kwenye benki yako. Hapo ndipo nakala yenye mhuri inapofanya kazi.

Njia ya pili ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume ina uwezo wa kuchunguza, kuamuru kosa lirekebishwe, na kutoza faini ya hadi shilingi milioni 100. Mlalamikaji hana lazima ya kuwa na wakili. Kama huwezi kusafiri, mwombe ofisa wa elimu ya watu wazima, mtendaji wa kata au msaidizi wa kisheria akusaidie kutuma.

HAKI HII INA MIPAKA

Tusidanganyane. Yako mambo ambayo haki hii haiwezi kuyafanya.

Huwezi kuiambia benki ifute deni lako kwa kuwa ni habari yako binafsi. Deni ni deni. Huwezi kuitaka ifute kumbukumbu zako zote siku unapofunga akaunti, kwa kuwa sheria inaitaka itunze kumbukumbu kwa miaka kadhaa. Mahakama ikiamuru, benki itatoa habari. Hali kadhalika vyombo vya kodi na vya kupambana na fedha haramu, vikifuata utaratibu wa sheria.

Na katika nyumba je? Akaunti ya mke ni ya mke, na ya mume ni ya mume. Ndoa peke yake haimpi mmoja ruhusa ya kuulizia salio la mwenzake, isipokuwa wamefungua akaunti ya pamoja au mwenye akaunti ametoa ruhusa kwa maandishi. Mtu akifariki, ndugu hawapewi habari za akaunti yake kwa kuja na vilio. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayekwenda benki na barua ya mahakama. Utaratibu huo wengine huuona ni usumbufu, lakini ndio unaowalinda yatima.

WEWE NAWE JILINDE

Haiwezekani kuilaumu benki kama sisi wenyewe tunaitawanya siri. Tufanye hivi:

Usitie sahihi wala dole gumba kwenye fomu usiyoisoma. Katika fomu nyingi kuna sentensi ndogo inayosema unakubali habari zako wapewe "washirika" wa benki. Uliza: washirika hao ni akina nani? Je, naweza kukataa sehemu hii na bado nikafungua akaunti? Kama macho hayaoni herufi ndogo, mwombe mtu unayemwamini akusomee yote. Huna haja ya kuona haya.

Kwa wakala wa benki kijijini, ingiza namba ya siri mwenyewe. Usimtajie kwa mdomo, hata kama ni mtoto wa dada yako. Chukua stakabadhi yako, usiiache mezani.

Ukitoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu: "Kwa ajili ya kufungua akaunti tu," na tarehe. Hapo mtu atapata shida kuitumia kwa kazi nyingine.

Jihadhari na mikopo ya haraka ya kwenye simu. Nyingine, ukikubali tu, husoma majina yote ya watu uliowahifadhi katika simu. Ukichelewa kulipa, shemeji, mwalimu na mchungaji wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wenzetu wa Kenya, ambao sheria yao ni ya mwaka 2019, waliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 mwaka 2023 kwa mtindo huo wa kuwasumbua watu. Basi haki hizi si za kwenye karatasi tu. Watu walilalamika, wakasikilizwa.

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma na kuandika, pengine ulidhani ni kwa ajili ya kusoma barua za watoto na kuhesabu magunia. Ni kwa hayo, tena ni kwa haya. Benki ina kompyuta, ina mawakili, ina makabati ya karatasi. Wewe una kalamu, tarehe na nakala yenye mhuri. Havionekani kuwa vingi, lakini ndivyo vinavyomfanya meneja asome barua mara mbili.

MANENO YA KUJIFUNZA

Taarifa binafsi: habari zinazomtambulisha mtu fulani.
Taarifa nyeti: habari za mtu zinazohitaji ulinzi zaidi, kama miamala ya fedha na alama za vidole.
Faragha: hali ya mtu kuwa na mambo yake bila kuingiliwa.
Ridhaa: kukubali kwa hiari, ukijua unachokikubali.
Kanzidata: ghala la habari ndani ya kompyuta.
Fidia: malipo ya kufidia hasara uliyopata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja habari tano zako ambazo benki inazo.
2. Kwa nini Mama Neema hakumtaja mfanyakazi yeyote kwa jina?
3. Mume anakwenda benki kuulizia salio la mkewe. Karani, ambaye ni rafiki yake, anamwambia. Ni nani aliyekosa, na kwa nini?
4. Je, Mama Neema anawajibika kutoa zile laki nane? Angejibu nini mbele ya wazee?
5. Andika barua kwa benki yako ukiitaka isitumie namba yako ya simu kwa matangazo. Msomeeni mwenzenu mmoja mmoja, na msahihishane.